Eti kusini hakukuwa na treni? Safari ya baiskeli juu ya reli ya karanga

Haya wadau, nimerudi. Najua nilipotea wiki tatu nzima bila kuaga, na wengine mlishaanza kusema nimekula sapu nikakimbilia kijijini. Sijala sapu (matokeo mengine bado, tuombeane). Nilikuwa nyumbani Kilwa Masoko, halafu nikawa njiani na baiskeli, halafu nikawa kitandani nimejipaka dawa ya kuchua miguu yote miwili. Leo umeme upo, mwenzangu wa chumba kaenda kwa shangazi yake Mbagala, kwa hiyo naandika yote. Ni ndefu. Tafuta chai kwanza.

Chanzo ni ubishi. Waliokuwepo kantini wiki ile kabla ya UE wanakumbuka. Mtu wa Tabora alikuwa anajisifia Reli ya Kati, mtu wa Moshi anajisifia reli ya Tanga, kila mmoja anaongea kama vile babu yake ndiye aliyekuwa dereva wa treni. Mimi nikasema hata sisi wa kusini tulikuwa na treni. Meza nzima ikacheka. Mtu wa Tabora akauliza, "Treni ya Kilwa ilikuwa inabeba nini, pweza?"

Nilicheka nao, si mnanijua. Lakini usiku sikulala vizuri. Babu yangu mzaa baba alifanya kazi kwenye reli hiyo wanayosema haikuwepo. Alikuwa mtu wa genge, yaani wale vibarua wanaotembea na sururu kunyoosha reli, kushindilia kokoto na kufyeka majani. Tangu niko mdogo namsikia anasema, "Enzi za reli..." na sisi wajukuu tunaangaliana. Nikajiuliza: mimi nasoma historia mwaka wa pili, na mambo ya reli ya babu yangu nayajua kwa kusikia tu? Nikaamua likizo hii naenda kuipita yote, au itakayokuwa imebaki.

Nianze na ukweli unaouma: Kilwa Masoko yenyewe haijawahi kuona treni. Ilikosa kidogo. Wajerumani walikuwa na wazo la reli ya kusini kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa, na kati ya 1904 na 1905 mtu wao mmoja, Paul Fuchs, alizunguka huku kuchunguza kama ingelipa. Si ajabu waliitazama Kilwa. Bandari ya Kilwa Kisiwani ina kina cha asili, na njia ya misafara kutoka Nyasa hadi Kilwa Kivinje ilikuwa ya siku nyingi. Karne ya 19 pembe za ndovu zilishuka njia ile kwenye mabega ya watu, na watu wenyewe walishuka wamefungwa minyororo kwenda kuuzwa. Kwa hiyo tulikuwa na reli ya miguu kabla ya reli ya chuma, na ilikuwa reli mbaya.

Julai 1905 Maji Maji ikalipuka vilima vya Umatumbi, si mbali na kwetu, na kusini nzima ikaungua mpaka 1907. Reli ya Kilwa ikabaki kwenye karatasi. Reli ya Kati ndiyo iliyoendelea: 1907 imefika Morogoro, 1914 imefika Kigoma. Mtu wa Tabora, hapo nakupa pointi yako.

Kusini tukangoja miaka arobaini na kitu. Reli ilipokuja, ililetwa na karanga.

Ndiyo, karanga hizi hizi za kwenye kibaba pale geti. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula na majarini. Mwaka 1946 bwana mmoja wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, jina lake Frank Samuel, akapata wazo kwamba karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine. Serikali yao ikamtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkuu wa kilimo Tanganyika, azunguke kupima. Mpango uliotoka ulikuwa hivi: ekari 3,210,000, zigawanywe mashamba 107, kila shamba ekari 30,000, kwa pauni milioni 25 katika miaka sita. Tanganyika ilichaguliwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, na sehemu kubwa kuliko zote ilipangiwa Jimbo la Kusini.

Sasa Nachingwea ni bara, na karanga haziogelei mpaka Liverpool. Ikatakiwa bandari yenye kina, na mahali palipochaguliwa ni Mtwara. Lakini bandari haijengwi siku moja, kwa hiyo reli ikaanzia Mkwaya, kwenye hori la Lindi unapoingilia mto Lukuledi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Bandari ya Mtwara ilikamilika 1954 na reli ikaunganishwa nayo.

Mwisho wa karanga mnaujua. Kongwa udongo ulikauka ukawa kama sakafu, mvua zikagoma, mashine zikafa. Walifika mahali wakachukua vifaru vya vita aina ya Sherman wakavigeuza matrekta, wakaviita Shervick. Mwaka 1949 lengo likakatwa hadi ekari 600,000, na Januari 1951 serikali ya Uingereza ikanyoosha mikono na kufuta hasara ya pauni milioni 36 hivi. Rudi usome tarehe vizuri: mradi ulikufa 1951, bandari yake ikakamilika 1954. Ni sawa na kumaliza kujenga jiko wakati wageni wameshaondoka.

Basi tuache makaratasi, twende barabarani.

Nilimchukua binamu yangu, ambaye sitamtaja jina kwa sababu ameniahidi kunipiga. Tuliazima Phoenix mbili, moja ya jirani muuza samaki (usiombe ile harufu), nyingine ya fundi seremala. Asubuhi na mapema tukatoka Masoko hadi Nangurukuru kwa kukanyaga, pale tukadaka basi la Lindi. Konda alitaka baiskeli zilipe nauli kama watu. Binamu akamwambia basi zipewe siti. Tukaelewana katikati, zikapanda juu ya keria na sisi tukabanana nyuma na magunia.

Tulishukia Mnazi Mmoja, ile njia panda ya Lindi, Mtwara na Masasi, tukaingia Mkwaya kwa baiskeli. Mikoko, matope, minazi, jua. Nilitegemea nini sijui, labda kibao kimeandikwa "Stesheni". Hakuna. Tukamkuta mzee amekaa kivulini anasuka ukili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mnatafuta nini?"

"Tunatafuta reli."

Akatutazama, akatazama baiskeli, akasema bila kucheka, "Mmechelewa."

Halafu ndipo akacheka, akainuka mwenyewe kutuonyesha. Tulikuwa tumesimama juu yake. Tuta la reli lilikuwa chini ya miguu yetu, sisi tumelidhania njia ya kawaida ya kijijini.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho darasani hakijawahi kunielea. Treni haipendi mlima. Kichwa cha treni kinavuta tani nyingi, lakini magurudumu ni chuma juu ya chuma, mwinuko mdogo tu kinaanza kuteleza. Kwa hiyo wajenzi wakikuta kilima wanakikata katikati, wakikuta bonde wanalijaza udongo, na kona wanazizungusha taratibu sana. Reli ikiondoka, hivyo vyote vinabaki. Ukiwa kwenye baiskeli unaitambua kwa mapaja. Njia za watu zinapanda na kushuka kadiri ardhi inavyotaka, ila ghafla unaingia sehemu pedali inakuwa nyepesi, njia imenyooka, kushoto na kulia ardhi inainuka na kuinama lakini wewe uko sawa. Binamu akawa anapiga kelele, "Reli!" kila mapaja yakipata nafuu, na mara nyingi alikuwa sahihi.

Tulifuata bonde la Lukuledi kwenda bara. Siwezi kusema tulipita reli yote, huo utakuwa uongo. Inaonekana na kupotea. Kuna mahali imekuwa barabara ya kijiji, bodaboda zinapita na magunia. Kuna mahali ni kichochoro tu kati ya mikorosho. Kuna mahali mtu amepanda mihogo juu ya tuta, na ukimuuliza anakwambia pale maji hayatuami, mihogo inapenda. Kuna kalvati moja la zege lililobaki peke yake katikati ya shamba, chini kavu, juu wamelala mbuzi. Tukalala nao dakika ishirini.

Na njia nzima hatukuwa peke yetu. Wanafunzi wa shule ya msingi wanarudi nyumbani. Mama amejitwika kuni. Kijana na baiskeli ina madumu sita ya maji, hapandi, anaisukuma tu, na bado alitupita. Mzee na mkewe wamebeba mgonjwa kwenye keria, wamemfunga na kanga asidondoke, wanaenda zahanati. Tukashuka kuwapisha. Yule mgonjwa akatuitikia salamu kwa mkono.

Nimewahi kusoma kwamba huko Marekani na Uingereza reli zilizokufa zinageuzwa njia za baiskeli na matembezi. Wisconsin kuna njia ya Elroy hadi Sparta, ya tangu miaka ya 1960, inapita ndani ya mahandaki matatu ya treni. Uingereza, baada ya ripoti ya Beeching ya 1963, walifunga reli kibao, na baadaye watu wa kujitolea wakaanza kuzigeuza. Ile ya Bristol hadi Bath ilianza kutengenezwa 1979. Wana ramani, wana vibao, wana mabenchi ya kupumzikia. Nikiwa pale juu ya tuta nikawaza: yetu ilifungwa 1962, mwaka mmoja kabla ya ripoti yao hiyo. Hakuna aliyekata utepe, hakuna benchi. Lakini watu waliigeuza siku nyingi, na hawaendi kutalii. Wanaenda kisimani, shuleni, zahanati. Ukiniuliza mimi, hiyo nayo ni njia ya baiskeli, imekosa kibao tu.

Mambo hayakuwa mazuri tu, nisije nikaonekana natangaza utalii. Kabla ya Mtama tairi yangu ya nyuma ikapata pancha ya mwiba. Tukatoa kiraka, kutoa solusheni, imekauka kama jiwe. Binamu akafanya waliyokuwa wanafanya wazee: akang'oa majani makavu, akayasokota na kuyashindilia ndani ya tairi mpaka ikajaa. Inatembea, ila ni kama kupanda punda mgonjwa. Tukaingia Mtama usiku, tumekwisha, tukalala kwa mjomba wake binamu. Alitupa ugali wa muhogo na kisamvu, na hakutuuliza chochote mpaka tuliposhiba. Mungu ambariki.

Siku ya pili tulitembea kwa miguu. Baiskeli tuliziacha kwa fundi, na pia mbele tuliambiwa tuta limekatwa na makorongo. Kweli. Unatembea kwenye njia imenyooka kama rula, ghafla ardhi inaishia. Mbele yako shimo la mita kadhaa, na upande wa pili tuta linaendelea kama hakuna kilichotokea. Daraja lilikuwa hapo. Unashuka kwa makalio, unapanda kwa mikono, unaendelea. Ndani ya korongo la tatu binamu akakaa chini akasema, "Hivi babu yako alikuwa anatembea hivi kila siku?" Nikamwambia enzi zake madaraja yalikuwepo. Akasema, "Na jua?"

Siku ya tatu tukapanda gari mpaka Nachingwea. Kama hujafika, ni mji wa ajabu kidogo. Uwanja wa ndege mkubwa kwa mji wa ukubwa ule, na majina ya mashamba ya wale Waingereza yamebaki: mpaka leo watu wanasema "Farm 17" kama vile ni jina la mtaa tu. Na mradi ulipokufa, mahali hapakufa. Miaka ya 1960 FRELIMO waliweka kambi yao kubwa ya mafunzo ya kijeshi Nachingwea, na Samora Machel aliishi na kufundisha wapiganaji huko. Mwaka 1975, Msumbiji ikikaribia kupata uhuru, ndipo alipotokea kuvuka Ruvuma na kuanza safari yake ndefu ya kwenda Maputo. Fikiria: ardhi iliyofyekwa kwa ajili ya majarini ya London ikaja kusaidia kumng'oa Mreno.

Sokoni tulinunua karanga za kuchemsha. Nikamuuliza mama muuzaji ni aina gani, akasema Pendo. Nilivyorudi nikafuatilia. Pendo ni mbegu iliyotolewa 1998 na watafiti wa Naliendele, Mtwara. Mwaka 2009 wakatoa nyingine, wakazipa majina ya kwetu: Nachingwea, Masasi, Mangaka, Mnanje, Naliendele. Kumbe karanga kusini zinaota, na zinaota vizuri tu, kwenye robo ekari ya mama na jembe la mkono na mtu anayejua mvua ya mahali pake. Zilichokataa ni kuamrishwa kutoka London.

Swali lililokuwa linaniuma njia nzima ni hili: kwa nini reli iling'olewa? Mtaani kusini utasikia mengi. Wengine wanasema tuliibiwa, wengine wanasema sisi wenyewe ni wajinga tuliikataa. Nilichoelewa mimi ni cha kawaida na kinauma zaidi. Reli ilijengwa kwa mzigo mmoja, karanga, na mzigo huo haukuja. Ikabaki inabeba mkonge kidogo, korosho kidogo, abiria, na malori yakaanza kuigombania hata hicho kidogo. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilikuwa linaiendesha kwa hasara mwaka hadi mwaka. Tanganyika ikapata uhuru 9 Desemba 1961, nchi changa, hazina nyepesi. Mwaka 1962 reli ikafungwa, vyuma vikang'olewa.

Kwenye karatasi, hesabu ni sahihi. Lakini tazama kilichofuata. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000 hivi, nyingi zikitoka huku Mtwara na Lindi. Mzigo ulikuja miaka kumi na kitu baada ya treni kuondoka. Korosho zikapanda malori, kwenye barabara ambazo masika zilikuwa zinageuka uji. Sisi wa Kilwa tulikuwa tunangoja kivuko Rufiji mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003. Na hata sasa, Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara maeneo ya Somanga, kusini ikawa kisiwa tena. Simaanishi reli isingesombwa. Namaanisha tulikuwa na njia mbili tukabaki na moja. Reli mpya ya Mtwara hadi Mbamba Bay imezungumzwa na kupimwa miaka mingi. Wakiijenga, nitakata tiketi ya kwanza.

Sasa nifike pale nilipotaka kufika.

Nilirudi Masoko jioni. Babu alikuwa amekaa nje kwenye mkeka, macho yake siku hizi hayaoni vizuri, anatambua watu kwa sauti na mwendo. Nikamwamkia, nikakaa, nikaanza kumsimulia. Mkwaya, mzee wa ukili, mihogo juu ya tuta, kalvati la mbuzi. Alikuwa ananikatiza: "Kalvati hilo liko upande wa mkono gani? Mbele yake kuna kichuguu? Hapo tulikuwa tunapika." Nikamwonyesha picha kwenye simu, akaishika karibu na pua, akanirudishia. "Hebu niambie tu," akasema.

Nikafika kwenye makorongo. Nikasema, "Babu, pale madaraja yaling'olewa kabisa, hata chuma kimoja hakuna. Hivi ni nani walikuja kuing'oa hii reli?"

Akanyamaza. Bibi ndani akaacha kutwanga.

Wadau, babu yangu maisha yangu yote amekuwa akisema "reli iling'olewa". Iling'olewa. Kama jino, kama vile ilijing'oa yenyewe usiku. Na mimi mwanafunzi wa historia sijawahi kujiuliza kitenzi hicho kimemficha nani.

Akasema, "Tuliing'oa sisi."

Genge lake. Wale wale waliokuwa wanaitunza. Reli ilipofungwa waliambiwa kazi ya kutunza imekwisha, ila kuna kazi ya kung'oa, mshahara ule ule, anayetaka abaki. Akabaki. Alikuwa kijana, ana mama na wadogo zake. Akanieleza walivyofanya. Walianzia bara kuja pwani. Treni inasimama kwenye reli iliyobaki, wao wanafungua bolti za reli iliyo nyuma yake, wanapakia vyuma na mataruma kwenye mabehewa, treni inasogea kidogo kuelekea pwani, wanafungua tena. "Ilikuwa inaila njia yake yenyewe," akasema, "na sisi ndio tulikuwa meno."

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kusema. Akasema baadaye watu vijijini waliwachukia. Masika ya kwanza bila treni, mgonjwa anafia njiani kwenda hospitali, na watu wanajua nani alishika spana. Hawakumchukia aliyeandika barua ya kufunga, huyo hawakumjua. Walimjua yeye. Ndiyo sababu mojawapo ya kuhamia Kilwa kwenye mashamba ya chumvi. Baba yangu alizaliwa huku, mimi nimezaliwa huku. Yaani mimi ni mtu wa Kilwa Masoko kwa sababu ya reli ambayo haikufika Kilwa Masoko.

Sikujua la kusema. Nikamwambia, "Babu, hata usingeing'oa wewe angeing'oa mwingine."

"Najua," akasema. "Lakini niliing'oa mimi."

Tukakaa. Baada ya muda akaniuliza baiskeli ilikuwa aina gani, nikasema Phoenix. Akatikisa kichwa kama mtu anayedharau kidogo. Akasema yeye pesa ya kung'oa reli ndiyo iliyomnunulia baiskeli yake ya kwanza, Raleigh, mpya. Na siku aliyoinunua aliipanda juu ya tuta, udongo bado mwekundu, alama za mataruma bado zinaonekana kama ngazi iliyolazwa, inamrusha mpaka meno yanagongana. Hakukuwa na mtu mwingine njia nzima.

"Kwa hiyo usiwaambie wenzako huko chuo kwamba wewe ndiye wa kwanza kupita pale na baiskeli," akasema. Ndipo bibi akaanza kutwanga tena.

Watalii wanakuja Kilwa Masoko kuvuka kwenda Kisiwani kuona magofu, na wana haki, urithi wa dunia ule tangu 1981, hata Ibn Battuta alipita mwaka 1331. Mimi nawapeleka mwenyewe nikiwa nyumbani, napata hela ya vocha. Lakini huku nyuma, ndani ya mihogo, kuna gofu jingine lisilolipiwa kiingilio, na mlinzi wake yuko kwenye mkeka hapa kwetu, haoni vizuri. Nimeanza kumrekodi kwenye simu kila ninapopiga, na likizo ijayo namalizia. Na nimeamua ndiyo itakuwa mada yangu ya mwaka wa tatu, aliye na msimamizi mpole anishitue.

Na wewe mtu wa Tabora, nimekujibia swali lako. Treni ya kusini ilikuwa inabeba mkonge, korosho, abiria, na karanga chache sana. Safari zake za mwisho ilibeba reli yenyewe. Pweza haikubeba, ila ukija Kilwa nitakununulia mmoja, wa nazi, halafu nitakukalisha kwenye mkeka umuulize babu mwenyewe.